Juu ya Kuyatazama Maua

Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi wake juu ya masumbufu ya maisha, aliwaamuru wayatazame maua ya kondeni. Sisi wahubiri aghalabu twalieleza neno lile kana kwamba maua ni mfano tu, na maana yake yote ni kutohangaikia chakula na mavazi. Ni kweli, maana hiyo imo. Walakini kabla ya faraja pana amri, nayo ni amri ya kutazama. Mtu asiyeyaangalia maua atafarijiwaje nayo? Basi twauliza: je, kutazama huko ni wajibu wa Mkristo, au ni anasa ya mtu mwenye nafasi?

Swali hili lilitukalia moyoni siku zile tulipokuwa katika mji wa Hannover, huko Ujerumani, kwa kazi ya kanisa. Kazi yenyewe ilikuwa ya vikao na hesabu, wala hatuna haja ya kuieleza. Lakini msafiri ana macho ambayo mwenyeji hana. Nyumbani kila mti una shughuli nasi: huu ni kuni, huu ni boriti, huu ni gugu la kung'olewa. Ugenini hakuna mti unaotudai kazi, kwa hiyo twauona jinsi ulivyo.

Mjane mzee aliyetukaribisha kwake alikuwa na vyungu vitano dirishani, vyenye maua madogo ya rangi ya urujuani, na majani manene yenye manyoya laini. Wajerumani huyaita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Alituonyesha jinsi anavyoyanywesha: hamwagi maji juu ya majani, maana maji baridi huyatia madoa, bali huyatia katika kisahani chini ya chungu. Tena jani moja likichomekwa udongoni hutoa mche mpya. Vyungu vyote vitano vilitokana na kimoja alichopewa na dada yake. Akatuuliza, "Mchungaji, na kwenu nani huyanywesha?" Tukamjibu, "Mama, kwetu humea juu ya miamba msituni, kivulini, penye unyevu. Hayana mtunzaji ila Mungu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema hakuwahi kufikiri kwamba maua yale yana kwao.

Habari zao ni hizi. Mnamo mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya katika serikali ya Kijerumani, aliyaona katika Usambara, akampelekea baba yake mbegu. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, papo hapo Hannover, aliyaandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu waliyaingiza katika jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus, jambo ambalo wenye vyungu hawalijali. Jina la yule bwana lilikaa juu ya ua. Watu waliokuwa wakipita penye miamba ile tangu zamani hawakuandikwa. Twasema hivi bila uchungu, ila yafaa lisemwe.

Ndugu mchungaji tuliyesafiri naye aliposikia mawazo yetu alicheka. "Ndugu yangu, mambo haya ni ya walioshiba. Mwenye njaa hutazama shamba." Neno lake si la kupuuzwa. Katika Usambara ya Mashariki mzazi mwenye haja ya ada ya shule hupanda iliki msituni. Iliki yataka kivuli, kwa hiyo miti mikubwa huachwa kwanza, lakini mimea ya chini hufyekwa yote. Miaka ikipita ardhi huchoka, ndipo miti mikubwa nayo huangushwa. Jua huingia, mwamba hukauka, ua hufa. Mkulima yule hakulichukia ua. Na yule mama wa Hannover hakukata mti wowote ili apate chungu chake. Ni rahisi kulipenda ua lisilodai sehemu ya shamba lako.

Wala tusidhani kwamba madirisha ya Ulaya yameliokoa. Wakuzaji wametoa aina nyingi, nyeupe, za waridi, zenye petali tabaka kwa tabaka, ambazo hazifanani tena na ua la mwambani. Ua laweza kujaa nyumba za Wajerumani na Wamarekani, huku likitoweka kwao.

Lakini twamjibu ndugu yetu hivi. Luther katika Katekisimo Ndogo, akieleza mkate wa kila siku, ahesabu mashamba, mifugo na hali njema ya hewa. Na akieleza uumbaji, asema kwamba kwa hayo yote twawiwa shukrani. Je, mtu aweza kushukuru kwa kitu asichokitazama? Aliyepewa zawadi akaiweka nyuma ya mlango bila kuifungua, asante yake ni ya mdomo. Kwa hiyo twaona kwamba kutazama ni sehemu ya kushukuru, nao ni wajibu wa mwenye njaa pia. Tena mkulima hutazama kuliko sisi wa vitabu: ajua dalili ya mvua, ajua jani la mgomba mgonjwa. Kilichompungukia si macho.

Hapo ndipo wajibu unapowarudia wengine. Maji ya mto Zigi hutoka katika misitu ya Amani, hukusanyika katika bwawa la Mabayani, na mji wa Tanga huyanywa. Kama kivuli kile kinawanywesha watu wa mjini, si haki gharama yake ichukuliwe na mwenye iliki peke yake.

Tuliporudi tulizungumza hayo na wazee wa kanisa. Mmoja wao, ambaye shamba lake lafika ukingoni mwa msitu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Mchungaji, miti ile nitaiacha. Lakini mwezi wa kwanza nitakuja kwako kwa ajili ya ada ya mtoto." Tulimwambia aje.