Mishipa Yako Haisubiri Jumatatu

Unasubiri nini?

Sukari umepima, iko juu. Daktari amesema. Nawe bado unazunguka madukani kutafuta kopo la vidonge vya madini likufanyie kazi yako.

Hakuna kopo la hivyo.

Ndani ya kila mshipa wako wa damu kuna utando mwembamba unaotoa gesi ya kuulegeza mshipa, damu ipite kwa nafasi. Sukari ikikaa juu, utando unachakaa, gesi inapungua, mshipa unakakamaa. Macho yanafifia. Figo zinachoka. Miguu inakufa ganzi. Madini ya magnesiamu husaidia mishipa kulegea na insulini kufanya kazi, lakini sukari ikizidi, figo huimwaga kwenye mkojo.

Unaikojoa! Na unairudisha kwa nini? Kwa sembe nyeupe iliyokobolewa pumba na kiini, mlemle magnesiamu ilimokuwa?

Rudi kwenye dona. Nayo ni wanga, kwa hiyo pima tonge. Jaza mchicha, kunde, maharage. Mbegu za maboga zilizomenywa, gramu 30 tu, zina takriban miligramu 150 za magnesiamu. Mtu mzima anahitaji kati ya 310 na 420 kwa siku. Utaniambia huna hela? Mbegu hizo umezitupa jalalani wewe mwenyewe!

Vidonge? Kipimo kikionyesha umepungukiwa, daktari atakuandikia. Lakini kama figo zako zimeanza kudhoofika, usithubutu kujinunulia. Figo dhaifu hushindwa kuitoa magnesiamu iliyozidi, nayo ikijaa huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Anayekuuzia kopo barabarani hajapima figo zako.

Unadhani umechelewa?

Mwaka 1998 Uingereza ilitangaza matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,800 wenye kisukari aina ya 2. Kundi lililobana sukari kwa dhati lilipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo.

Robo nzima! Walikuwa watu kama wewe. Nguvu hiyo unayo, imelala tu. Iamshe!

Misuli ya mtu anayetembea hunyonya sukari hata insulini ikiwa goigoi, na damu ikienda kasi huuchochea ule utando utoe gesi yake. Nusu saa ya kutembea inatosha kuanzia. Leo, si Jumatatu. Vaa viatu visivyobana, na ukirudi kagua nyayo zako.

Bado umekaa?

Toka!