Kabla hujamwambia mama asamehe

Jumapili iliyopita, hapa mjini Mtwara, mzee mmoja wa kanisa alimwinamia mama aliyekuwa akitoka ibadani, akamwambia kwamba asipomsamehe yule bwana, na yeye Mungu hatamsamehe. Nilikuwa nyuma yao na nilisikia vizuri. Maneno yale yamenikwama kooni wiki nzima.

Katika ibada ile alikuwa amesimama mwanamume wa makamo kutoa ushuhuda. Alisema kwa miaka mingi alivua kwa baruti, kuanzia Msangamkuu hadi kule Ruvuma inakoingia baharini. Mkono wake wa kulia unaishia kwenye kifundo. Akasimulia utambi uliokuwa mfupi mno, chupa iliyomlipukia, damu iliyojaa chomboni, na usiku ule hospitalini alipoahidi kuwa akipona atamrudia Mungu. Akapona, akaokoka. Kanisa zima likasimama. Vigelegele, mapambio, kinamama wakatandika kanga apite. Nami nilifurahi kwa dhati, maana mtu akitoka gizani ni lazima ashangiliwe.

Ila katika ushuhuda ule, chomboni alikuwa peke yake. Wenyeji tunajua hakuwa peke yake. Alikuwa na kijana mzamiaji, mtoto wa mama mmoja anayekaanga samaki kule Feri, na kijana yule hakurudi nyumbani. Bwana huyo, mwenye chombo, hakuonekana msibani. Alipopata nafuu hakwenda kubisha hodi, wala hakutuma mtu. Kwa hiyo mara ya kwanza mama yule kusikia habari za siku ile kutoka kwa mtu aliyekuwepo, alizisikia kwenye spika, kati ya pambio na pambio, na mwanawe hakutajwa.

Mama hakupiga makofi. Hilo ndilo kosa alilokemewa mlangoni.

Wanaoijua bahari yetu hawahitaji kuelezwa baruti inafanya nini. Kwa wasioijua: bomu likilipuka, samaki hupasuka ndani, wachache huelea na wengi huzama, wakaoza huko chini bila kumfaa mtu. Changu mkubwa na vitoto vyake, chewa, mayai, vyote huenda pamoja. Matumbawe huvunjika yakawa kifusi, na kifusi hicho husukumwa huku na huku na mawimbi, hivyo tumbawe changa halipati mahali pa kujishikiza. Mwamba uliojengeka kwa karne nyingi hufa kwa dakika moja, kisha hukaa miongo bila kurudi. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilometa za mraba zipatazo 650, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti waziwazi. Milipuko iliendelea. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania Bara wakisikiliza chini ya maji, wakanasa milipuko 318, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Kila mlipuko katika ile ulikuwa na mtu aliyeuwasha.

Miaka iliyofuata wapigaji baruti wakasakwa kwelikweli, na mlio ule umepungua sana. Wapigaji wengi wameacha. Wapo leo kwenye madawati ya makanisa na kwenye safu za misikiti, na waliodhurika nao wapo mtaa huohuo, wanachota maji kwenye bomba moja. Ndiyo maana jambo hili nisingependa lipite.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ninataka kuweka mizani juu ya damu ya Yesu, kwamba msamaha ni bure, na kwamba yule mnyang'anyi pale msalabani aliahidiwa peponi siku ileile bila kumlipa mtu hata senti. Ni kweli. Lakini mnyang'anyi yule mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari na siku yake ilikuwa imekwisha. Ndugu yetu anao mkono mmoja mzima, anayo miguu miwili, na kutoka kwake hadi kwa mama yule hahitaji hata kupanda bodaboda.

Someni tena habari za Daudi baada ya kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe kwa upanga wa Waamoni. Nabii Nathani anamwambia kwamba dhambi yake imeondolewa, na hapohapo, bila hata kuvuta pumzi, anamwambia kwamba mtoto atakufa, juu ya neno alilokwisha kumwambia kwamba upanga hautatoka nyumbani mwake. Msamaha na matokeo vilitoka katika kinywa kimoja. Daudi hakumrukia Nathani kumwuliza mbona ameshasamehewa. Aliyabeba, na tunaoifuata habari yake mpaka kwa Absalomu tunajua yalivyokuwa mazito. Zakayo naye alisimama mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kumdai, akatangaza kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Neno la kwamba wokovu umefika katika nyumba ile lilikuja baada ya hapo.

Jirani yangu Mwislamu, mvuvi wa siku nyingi, nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Akanikumbusha kwamba kwao toba ya dhambi aliyotendewa mwanadamu haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe au mwenyewe aombwe radhi. Sisi tunao Zakayo miaka yote hii, tunawaimbisha watoto wa shule ya Jumapili jinsi alivyopanda mkuyu, na tunaishia palepale juu ya mti.

Kanisa la Kusini lingepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Lindi kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walikuwa wamechoka, nchi ikawapendeza, wakabaki, na hapo ndipo ulipoanzia mji wa misheni. Miaka mitatu kabla yake mkataba ulikuwa umesainiwa Zanzibar na soko la watumwa limefungwa. Biashara ilikuwa imeharamishwa, lakini hakuna mkataba uliomrudisha hata mmoja wao kwa mama yake kama alivyochukuliwa. Watu wale ndio waliotuachia imani hii. Kwa nini sisi tuwe wepisi hivi kumwambia aliyepoteza kwamba habari yake imekwisha?

Neno ambalo halikutamkwa Jumapili ile ni utii. Tulisikia kuokoka, tulisikia kusamehewa, tulisikia kupona. Utii hauna vigelegele. Ni kumchukua mchungaji au mzee mmoja, kwenda jioni mpaka Feri, kukaa kwenye mkeka wa mama yule na kumweleza kilichotokea tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kunyamaza na kusikiliza chochote atakachosema, hata akitoa laana. Ni kubeba sehemu ya mzigo ambao kijana yule angeubeba, ada ya wadogo zake, bati la nyumba. Ni kwenda kwa vyombo vya dola na kutaja aliyekuwa akimuuzia baruti, kwa sababu baruti haioti kwenye mikoko. Ina njia yake kutoka machimboni na kwenye ujenzi wa barabara, na wauzaji wake hawajapoteza mkono. Huenda kumtaja kukamfikisha mahakamani yeye mwenyewe. Afike. Kusamehewa na Mungu hakumfanyi mtu kuwa nje ya sheria ya nchi.

Na si bahari peke yake. Huko juu, Newala na Tandahimba, ninawajua watu walionunua korosho kwa kangomba, wakamfuata mjane wakati wa njaa, wakampimia kwa bakuli kwa bei ya aibu, na msimu ulipofika wakauza kwa bei ya mnada. Baadhi yao leo ni waimbaji wazuri wa kwaya. Mjane bado anaishi.

Hapa sisi kanisa nasi tuna la kujibu. Sauli aliamriwa kuteketeza vyote vya Waamaleki. Akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na Samweli alipofika akiwasikia wakilia, jibu likawa kwamba wamewekwa kwa ajili ya sadaka. Ufalme wake ulivunjika kwa sababu ya kutotii huko. Miaka ile baruti ilipokuwa ikipigwa mchana kweupe na sisi tukiisikia milio yake tukiwa ibadani, mafungu ya kumi yalikuwa yakija, harambee zilikuwa zikijaa, na sikumbuki mtu aliyesimama kuuliza fedha imetoka wapi. Pengine ndiyo maana leo tunapenda sana msamaha usio na maswali.

Sisemi mama asisamehe. Bwana Yesu amelisema hilo kwa ukali na mimi siwezi kulilegeza. Nadhani atasamehe, na siku atakayosamehe itakuwa ni neema kubwa kuliko ushuhuda wowote niliowahi kuusikia. Lakini siku hiyo ni yake na Mungu wake. Haipangwi na mzee wa kanisa mlangoni, na haitumiki kumwokolea mkosaji nauli. Kumtishia aliyeumizwa kwa moto wa milele huku aliyemuumiza akipitishwa juu ya kanga ni dhuluma, hata ikitendwa kwa jina la Injili.

Kwa hiyo, wachungaji wangu wa Mtwara, Jumapili ijayo, kabla hamjampa mtu kipaza sauti asimulie alivyosamehewa, muulizeni kwanza kama ameshafika kwa aliyemkosea. Kama hajafika, ahirisheni ushuhuda, mkamsindikize.