Aliyetumwa Kuhemea



Mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipokuwa akilieleza Bunge juu ya Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alitoa mfano ambao sisi watu wa Ugogo hatuhitaji kufafanuliwa sana. Alimfananisha kijana aliyepewa nafasi ya elimu ya juu na mtu wa kijiji chenye njaa: wenzake wamempa chakula chote walichobakiza, ili apate nguvu za kufika mbali na kuwarudia na chakula cha kuwaokoa. Akila kile alichopewa kisha asirudi, amewasaliti. Sisi safari hiyo tunaiita kuhemea. Nchi yetu hii ya mvua haba imehemea mara nyingi, na njaa ya Mtunya, iliyotupata kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya kwanza na baada yake, haijasahauliwa.

Wakati ule chuo kilikuwa mbali, Dar es Salaam. Siku hizi kimo uani kwetu. Mwaka 2007 vilianza vyuo vikuu viwili katika Dodoma: Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye vilima vya Chimwaga, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa letu Anglikana, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Shule ile zamani iliitwa Alliance, ikapewa baadaye jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Basi ingawa sisi tuko mbali na mjini kiasi cha kilometa 40, hatuwezi kusema mambo ya vyuo hivi ni ya watu wa mjini peke yao. Jina la mtemi wetu liko pale, na watoto wetu wako pale. Kwa hiyo twauliza: chuo kinadaiwa nini na watu wanaokizunguka?

Wengine hujibu upesi kwamba chuo kimekwisha kulipa, maana kimeleta biashara. Ni kweli. Mama lishe wanauza, vijana wa bodaboda wanabeba abiria, na wenye nyumba Ng'hong'hona na Kikuyu wamejenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Biashara si dhambi. Lakini mwenye nyumba anayepandisha kodi kila anapoona mabegi ya wageni yanashushwa hajawa jirani wa mtu, na chuo kinachonunua mchicha wa jirani hakijamaliza neno naye. Tena vijiji kama Ng'hong'hona na Iyumbu vilikuwapo kabla ya chuo, na ardhi haikuanguka kutoka mbinguni.

Wengine husema chuo hutoa huduma: wanafunzi hufagia hospitali, huchangia damu, hutembelea yatima. Hayo ni mema, na tuyashukuru. Lakini sadaka huamuliwa na mtoaji, kiasi chake na siku yake. Deni si hivyo. Mwenye kudai ana haki ya kuuliza.

Taifa letu liliwahi kulichukua jambo hili kwa ukali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao, karibu mia nne kwa idadi, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: kijana afanye kazi kwanza, na asiingie Chuo Kikuu bila kupendekezwa na watu wa kazini na wa Chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, maana si kila aliyepewa kalamu ya kupendekeza aliitumia kwa haki, na ukaachwa. Hata hivyo ndani yake lilikuwamo wazo la maana: kwamba waliobaki kijijini wana neno la kusema juu ya yule anayekwenda.

Leo hesabu imebadilika. Tangu Bodi ya Mikopo ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, wanafunzi wengi husoma kwa mkopo wanaotakiwa kuulipa wenyewe. Kijana anaweza kutuambia: deni langu liko kwenye Bodi, nikimaliza kukatwa mshahara sidaiwi na mtu. Tena yuko kijana mwingine, na huyu tunamwona kila wiki, aliyeuziwa ng'ombe na baba yake, akahitimu, akakosa kazi, akarudi. Alikwenda kuhemea akakuta ghala la mbali ni tupu. Kumwita msaliti ni dhuluma, na kumcheka anaposhika jembe ni upumbavu, ingawa wako miongoni mwetu wanaofanya hivyo. Lakini yule wa kwanza hesabu yake ina upungufu. Bodi ilimkopesha fedha. Bodi haikutoa ardhi ya chuo, wala si Bodi inayokaa chini ya mti saa nzima ikijibu maswali ya mtafiti huku kazi za nyumbani zikingoja.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu deni la majibu halitajwi sana.

Kuanzia mwaka 1968 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Uswidi, walifanya kazi ya kupima mmomonyoko wa ardhi nchini. Kwa upande wa Dodoma walichunguza mabonde manne: Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu. Walipima jinsi mabwawa yanavyojaa mchanga na jinsi udongo unavyochukuliwa na mvua kutoka mashambani na malishoni. Miongoni mwao walikuwamo Anders Rapp na Len Berry. Ilikuwa kazi ya kweli, ya watu waliotembea juani, na waliyoyaona hata sisi tunayaona kila mvua ya kwanza inaponyesha na korongo kupanuka. Matokeo yalichapwa mwaka 1972 katika jarida la Uswidi, kwa Kiingereza.

Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, na mwaka 1986 amri kama hiyo ikaifikia Mvumi yetu. Hatusemi kwamba wale waliopima mabwawa ndio walioamuru. Wapimaji si watawala. Wala hatusemi amri ilikosa sababu. Majani na miti ilirudi mahali palipokuwa pekundu na tupu. Lakini fikirini hali ya mwenye ng'ombe. Kwa Mgogo ng'ombe si maziwa tu. Ni mahari, ni undugu, na mvua ikikosa ndiye anayeswagwa kwenda kubadilishwa na nafaka. Kumwondolea mtu ng'ombe ni kumwondolea njia yake ya kuhemea. Na kwa mtu ambaye lile jarida la Uswidi halikumfikia, amri ilitangulia hoja.

Mtu anaweza kutupinga hapa, na upinzani wake una uzito. Msomi si mtumwa wa kijiji. Akilazimika kuwapendeza majirani, hatasema kweli. Kama angekuja Mvumi na kutuambia kwamba ng'ombe wetu ni wengi kuliko malisho, tungemfukuza. Pengine. Na sisi tunakubali kabisa kwamba chuo lazima kiwe huru kutuambia tusiyopenda kuyasikia; chuo kinachotusifu tu hakina faida. Lakini uhuru wa kusema neno chungu ni wa mtu anayekuja kulisema. Anayeliacha kwenye kabati la maktaba hajatumia uhuru wowote. Neno chungu likiletwa na aliyepima, unaweza kumwuliza: umepimaje, wapi, na je, lile bonde la upande wa pili? Likiletwa na askari, huna la kuuliza.

Tunasoma katika Nehemia sura ya 8 kwamba Ezra alipoleta kitabu cha torati mbele ya mkutano, hakikusomwa tu kikafungwa. Walikuwapo watu wa kueleza maana, mpaka watu wakafahamu, na walipofahamu wakalia. Kulia kwenyewe kulikuwa dalili kwamba neno limefika.

Siku hizi mtafiti haji kienyeji. Huja na barua, kutoka mkoani hadi wilayani, kutoka kwenye kata hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti husoma, hupiga mhuri, humpa mtu wa kumwongoza. Kisha tunaulizwa: kaya yako ina watu wangapi, unachota maji wapi, mtoto wako aliugua macho lini. Tunajibu kwa adabu, kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni. Mgeni hushukuru, hupanda gari. Tunavyoona sisi, wengi wao hawana nia mbaya hata kidogo. Hawarudi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanangojwa.

Basi twawaomba wenyeviti wetu, na wazee wa Kanisa wanaoombwa kuwakusanyia watu baada ya ibada, wasipige mhuri kabla ya kuuliza neno moja: utarudi mwezi gani kutueleza ulichokiona, kwa Kiswahili, na kama ni kwa kina bibi zetu, kwa Kigogo? Jibu liandikwe nyuma ya barua ile ile, na barua ikae ofisini. Mwezi ukifika pasipo mtu, vijana wetu walioko Chimwaga na Mtakatifu Yohana wapewe nakala yake waende kubisha hodi. Wao wanazijua ofisi zile, na lugha za pande zote mbili wanazo.