Kufa Kufaana: Mkusanya Santuri Anadaiwa Nini?

Tarehe 15 Aprili 2020, mpiga besi Henry Grimes alifariki dunia New York kwa korona. Alikuwa na miaka 84. Siku mbili baadaye akafuata Giuseppi Logan, mpuliza saksafoni. Naye korona, naye miaka 84. Wote wawili walizaliwa mwaka 1935. Wote walirekodi jazi huru katika miaka ya sitini kwa kampuni moja ndogo, ESP-Disk. Wote walipotea miaka mingi hadi watu wakaamini wamekufa, kisha wakarudi.

Sasa nikiri jambo. Nilipoisoma habari ya Grimes, sikukaa kimya hata dakika moja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu, nikatoa santuri yake, *The Call*, nikageuza jalada kuangalia kama ni chapa ya kwanza. Kabla hata ya kusema Mungu amlaze pema, nilitaka kujua itapanda bei kiasi gani. Kufa kufaana, walisema wahenga. Sikuwahi kudhani walikuwa wananisema mimi.

Tangu siku ile swali halijaniachia: mtu anayekusanya santuri za muziki huu anawadai nini waliouunda, na wao wanamdai nini? Nimeliandika hivyo kwa makusudi, maana sisi wakusanyaji tuna tabia ya kujiona ndio tunaodai. Tunadai chapa safi, jalada lisilochanika, tarehe ya kurekodi. Upande wa pili wa daftari hatuufungui.

Mimi niliingizwa kwenye muziki huu na Kiswahili. Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, na albamu yao ya mwaka 1971 ikaitwa *Mwandishi*. Ukikuta neno la nyumbani kwenye jalada la Mmarekani usiyemjua, unajiona umeitwa. Nikaitika, nikaendelea kuchimba, hadi nikafika kwa wale ambao hata Marekani kwenyewe hawakuwa na wasikilizaji wengi.

Grimes alikuwa mmoja wao, ingawa hakuanza hivyo. Alishacheza na Benny Goodman, Sonny Rollins na Thelonious Monk, watu wakubwa kabisa. Kisha akaingia kwenye jazi huru, akacheza na Cecil Taylor, Don Cherry na Albert Ayler. Mwishoni mwa 1965 akarekodi *The Call*, yeye na wenzake wawili tu, wa klarineti na wa dramu. Baadaye akaenda California. Besi yake iliharibika, hela ya kuitengeneza hakuwa nayo, akaiuza. Bila besi hakuna kazi. Akapotea.

Mwaka 2002, Marshall Marrotte, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mpenzi wa jazi, alimtafuta akampata Los Angeles. Alikuwa akiishi chumba kimoja, akifanya usafi na vibarua vingine, akiandika mashairi kwenye madaftari. Hakuwa na ala yoyote. Na hakujua kwamba Albert Ayler, rafiki yake aliyecheza naye, alishafariki tangu 1970.

Hebu simama hapo kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila mkusanyaji wa santuri za Ayler alijua kwamba Ayler amekufa. Grimes, ambaye besi yake inasikika ndani ya santuri hizo, hakujua. Tulikuwa na mikono yake na pumzi yake kwenye rafu zetu, tukakosa kumpa hata taarifa ya msiba.

Kuna atakayeniambia, “Bwana wee, unajitesa bure. Umenunua kitu cha mtumba, umelipa bei iliyotakiwa, hujamwibia mtu.” Ni kweli. Nikinunua koti la mtumba simtafuti fundi aliyelishona. Tena bila wakusanyaji, mengi ya hayo yangetupwa jalalani. ESP-Disk ilijulikana kwa kumwachia mwanamuziki uhuru wote wa kucheza atakavyo, lakini baadhi ya wanamuziki wake walilalamika miaka mingi kwamba mirabaha hawakuiona. Hilo silo kosa langu. Kisheria sidaiwi hata senti.

Lakini kuna kitu kinachotofautisha santuri hii na koti. Koti halipandi bei kwa sababu fundi alilala njaa. Santuri hii ni ghali kwa kuwa ni adimu, na ni adimu kwa kuwa ilipotoka walionunua walikuwa wachache. Kile ninachokilipia leo kwa majivuno ndicho kilichomfanya akose hela ya kutengeneza besi. Uadimu ule ulikuwa umaskini wake. Na nikisema ukweli, moyoni sitaki zichapwe nyingine nyingi, maana yangu itashuka thamani. Yaani nautaka muziki wake, na palepale nafurahi kwamba watu hawakuutaka. Hilo si wizi, ila siwezi kuliita mapenzi.

Ndiyo maana kisa cha Marrotte kinanisuta. Kujua nani alicheza besi kwenye rekodi ipi ni ujuzi wetu sisi wakusanyaji, na tunajivunia. Yeye aliutumia ujuzi huohuo kuuliza swali jingine: huyu mtu yuko wapi? Si kila aliyejificha anataka kupatikana, na kuna kumtafuta mtu ambako ni kumwinda tu kwa heshima. Lakini Grimes alipopatikana alitaka kupiga tena. William Parker, mpiga besi mwenzake, akampelekea besi ya rangi ya kijani, na mwaka 2003 akawa jukwaani New York. Akaendelea kupiga miaka mingi, akajifunza na fidla.

Kwa hiyo jibu langu, la muda, ni hili. Mkusanyaji hadaiwi fedha kwa kila santuri ya mtumba. Anadaiwa kumkumbuka mtu angali hai. Mimi nimejiwekea kanuni moja ndogo: kila nikinunua santuri ya zamani, nauliza kwanza kama waliocheza bado wapo, na kama yupo mmoja anayeuza kazi yake mpya, fungu la hela linaenda kwake kabla ya kwenda mnadani. Rafu yangu imepungua kasi ya kujaa. Sijaona hasara.

*The Call* sijaiuza. Ndiyo, ni chapa ya kwanza. Siku ile, baada ya kuona alama niliyoitafuta, niliirudisha kwenye rafu bila kuipiga. Ilichukua wiki nzima kabla sijaiweka kwenye mashine na kumsikiliza marehemu. Hadi leo wiki ile inaniuma kuliko bei yoyote niliyowahi kulipa.