Deni la Chuo

Je, chuo cha ualimu kinapomkabidhi kijana cheti, kimekwisha kulipa deni lake kwake? Swali hili halikuwasumbua sana watu wa rika langu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, walimu walitafutwa kama maji wakati wa kiangazi. Hata vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu vijijini huku tayari wameshika chaki. Mhitimu wa chuo cha Korogwe hakuhangaika na barua ya kuomba kazi. Alingoja kupangiwa shule, akafunga sanduku, akaenda.

Leo mambo ni mengine. Mhitimu huomba nafasi kwa mtandao, na mwaka 2025 waombaji wa ualimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Waombaji ni wengi kuliko nafasi. Hapo husemwa kwamba chuo si ofisi ya ajira, kazi yake ni kufundisha. Tena Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii ya wakulima anamotoka. Nakubali. Lakini mzazi wa Handeni anayeuza ng'ombe au magunia ya mahindi ili alipe ada, huuza akiamini kwamba mwanawe ataajiriwa. Ikiwa chuo kinajua imani hiyo haina msingi, nacho kikapokea ada kimya, kimya hicho tukiiteje?

Kwa maoni yangu chuo hakidaiwi kazi, maana hakuna adaiwaye asichokuwa nacho. Kinadaiwa ukweli, na ukweli huo hulipwa kwenye milango miwili. Katika mlango wa kuingilia, mzazi aambiwe wahitimu wangapi wa miaka ya karibuni wamepata kazi, serikalini au shule za binafsi, na wangapi wangali wanalima au kuendesha bodaboda. Jambo hili lahitaji daftari na mtu wa kulijaza tu. Katika mlango wa kutokea, kijana afundishwe kuandika maombi na kujibu usaili, na barua ya mkuu wa chuo imseme alivyo.

Mwenzangu mmoja, naye mkuu wa chuo, aliandika kwamba mhitimu fulani ni mpole na mwaminifu, ila hisabati zamshinda. Mama wa kijana akamjia ofisini. "Mwalimu," alimwuliza, "ukweli wako huu utamlisha nani?"

Barua ile ilikuwa ya haki, kwa sababu watoto wa darasa la tatu nao wana haki ya mwalimu ajuaye hesabu. Na mama yule pia alikuwa na haki. Ukweli unaosemwa ng'ombe wakiwa wamekwisha kuuzwa ni nusu ya malipo.