Deni na Sadaka

Liko swali ambalo watu huulizana njiani watokapo kanisani, lakini mbele ya mhubiri hunyamaza. Nalo ni hili: mtu mwenye deni, amtolee Mungu sadaka kwanza, au amlipe kwanza jirani yake?

Na tutwae mfano. Sikukuu ya mavuno imefika. Baba mmoja aingia kanisani na madebe mawili ya mahindi, na mzee wa kanisa aliandika jina lake daftarini. Karibu na mlango ameketi mjane, ambaye wakati wa kupanda alimkopesha baba yule debe la mbegu kwa ahadi ya kulipwa siku ya kuvuna. Mavuno yamekwisha ingia ghalani, naye hajalipwa. Mjane ayatazama mahindi yale, na ajua ya kuwa ni uzao wa mbegu yake. Je, sadaka ile ni ya nani?

Wako wasemao, “Mungu ni mkuu kuliko mwanadamu, basi yeye apewe kwanza.” Neno hili lina sura ya utauwa, lakini tulipime. Kutoa ni kutoa kilicho chako. Atoaye cha mwenziwe hakutoa kitu, amehamisha tu. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuimba.

Tena Maandiko hayatuachi gizani. Katika Walawi 6, mtu aliyezuia mali ya mwenziwe kwa hila aliamriwa kuirudisha yote na kuongeza sehemu ya tano, siku ile ile aletapo sadaka ya hatia. Aliyedhulumu madebe 5 alirudisha 6. Katika Mathayo 5, Bwana wetu amwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na katika Marko 7 awakemea wale waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali ile ni wakfu kwa Mungu.

Labda mtu ataniuliza, “Kila mwenye deni akizuia sadaka, kapu la kanisa halitakuwa tupu? Na maskini akosaye deni ni nani?” Swali hili ni la haki. Simkatazi maskini kutoa. Mjane wa Marko 12 alitia sarafu mbili ndogo tu, lakini zote mbili zilikuwa zake. Asiyeweza kulipa leo na aende kwa mwenye kumdai, aseme naye wazi, wapatane siku nyingine. Kisha alete kidogo alicho nacho bila haya. Deni lingojalo siku yake si aibu. Aibu ni deni lililofichwa nyuma ya sadaka. Naye mwenye kudai aweza kusamehe, na kusamehe ni kwema. Lakini msamaha huo ni wake kuutoa, si wa mdeni kujitwalia.

Tena tusidhani ya kuwa madeni ni yale ya dukani tu. Kijana achungaye mbuzi zetu ana ujira wake, na Kumbukumbu la Torati 24 yaagiza ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijachwa. Maharagwe aliyoyalima mke kwa mkono wake, mume akayauza pasipo kumwuliza, nayo ni deni, hata kama fedha yake ililetwa kanisani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, Jumamosi jioni, nguo za kanisani zinapopigwa pasi na fedha ya sadaka inapofungwa katika leso, na waulizane watu wa nyumba: tunadaiwa na nani? Kama jina likitajwa, na nyumba yake i karibu, apelekewe haki yake usiku ule ule. Asubuhi mtamkuta kanisani, nanyi mtaweza kuketi naye benchi moja.