Je, Kuanika Nguo ni Aibu?

Wako miongoni mwetu siku hizi waonao haya kuanika nguo uani, wakidhani kamba ni alama ya ufukara, na mashine ya kukaushia ni alama ya utukufu. Yafaa tuipime dhana hii.

Huko Marekani, jumuiya nyingi za wenye nyumba zilikataza kamba za nguo, kwa hoja kwamba zaharibu sura ya mtaa na kushusha bei ya nyumba. Watu wakadai haki yao ya kutumia jua, hata jimbo la Vermont likatunga sheria mwaka 2009 kuyabatilisha makatazo hayo. Maryland likafuata mwaka 2010. Tazameni, ndugu zetu: wenzetu wamekipigania kile tukionacho sisi kuwa ni unyonge!

Hatusemi mashine ni haramu. Mwenye kuuguza, au asiye na pa kuanika wakati wa masika, ana udhuru. Amma kuteketeza uniti mbili tatu za umeme chini ya jua la Mombasa, kwa kuchelea macho ya jirani tu, hiyo ni israfu. Na kibaya zaidi, ni utumwa wa nafsi. Aibu i katika nguo chafu. Nguo safi iliyo kambani haimwaibishi mtu.